Ukuta Unaokula Watu

Nilikuwa bado wa kutumwa chumvi kwa jirani walipoanza kulikarabati boma la zamani, lile la mawe juu ya kilima, upande wetu wa Musienene. Wabelgiji walilijenga enzi zao, kisha likaachwa. Ukuta ulikuwa umeinama, miti imeota ndani, na mbuzi akipotelea kule mwenyewe alimsamehe. Mhandisi akaja kutoka mjini, akasema patakuwa mahali pa wageni kutembelea. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa kujenga, akapata kazi.

Mama yake baba, tuliyemwita Koko, hakufurahi hata kidogo.

"Ile ukuta inakulaka batu," alimwambia. "Papa yangu alienda kubeba mawe kule, mi niko mudogo. Hakurudia. Balituambia ukuta ilimukula. Sasa inasikia njaa tena."

Baba alicheka. "Mama, ukuta ni mawe na simenti tu."

Lakini kijiji kizima kilikuwa upande wa Koko. Watu walisema ukuta mkubwa hausimami bila mtu kutiwa ndani, na kwamba anayefaa zaidi ni mtoto, kwa sababu ana miaka mingi ya kuushikilia. Lori la saruji lilipopita limefunikwa turubai, akina mama walituingiza ndani na kufunga milango. Mhandisi alipotugawia biskuti sokoni, tulizipokea kwa adabu, halafu tukazitupa mferejini. Yangu niliinusa kwanza. Ilinukia maziwa, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Kisha baba akabadilika. Jioni moja alirudi kutoka kazini, akanawa mikono kwa majivu kule kwenye migomba, akanawa tena. Maharage hakuyagusa.

"Umeona nini?" Koko alimuuliza.

"Hakuna kitu."

Alisema hivyo akiniangalia mimi. Aliniangalia kama anavyoangalia ubao kabla ya kuukata. Jumamosi, tukiwa tumezunguka chakula, akamwambia mama bila kumtazama usoni:

"Kesho saa ya misa, Kavira atanifuata ku boma. Niko na lazima ya mutoto."

Mwiko ulimponyoka mama mkononi. Kavira ndiye mimi, na nilishatoka mbio. Nilijilaza kwenye shamba la maharage, tope mpaka kidevuni, nikisikia wakiniita. Baba ndiye aliyenibeba mabegani tukienda sokoni, lakini pale chini niliamini kabisa kwamba ameniuza. Hata sauti yake, ilipolainika akiniita, niliiona ni sauti ya mtego.

Koko ndiye aliyenipata. Alinivuta mkono hadi nyumbani, akanisimamisha nyuma yake, akamkabili mwanawe.

"Huyu hapana toka hapa. Kwanza sema."

Baba alikaa chini, akasema. Walikuwa wamebomoa kona moja ya ukuta iliyokuwa karibu kuanguka. Ndani, katikati ya mawe ya nje na mawe ya ndani, walikuta mtu. Mifupa, na pete ya chuma shingoni. Mhandisi aliangalia, akaamuru mawe yarudishwe, na Jumatatu saruji imwagwe juu. Atakayefungua mdomo atafukuzwa kazi.

"Na mutoto ni ya nini?" Koko aliuliza.

"Sisi bakubwa tutanyamaza, kisha tutakufa. Basi nilitaka mutoto wa nyumba yetu aone na macho yake. Yeye iko na miaka mingi mbele."

Koko alienda chumbani, akarudi na kitenge chake cha misa, akakikunjua, akakipima kwa mikono.

Jumapili, wakati wafanyakazi wako makanisani, tulipanda watatu. Niliwafuata kwa mbali kidogo, kwa sababu mashaka yangu juu ya baba yalikuwa hayajaisha. Aliondoa mawe taratibu. Nilitegemea kitu cha kutisha, nikaona mifupa myembamba kama kuni za kuwashia moto. Baba aliikata ile pete kwa msumeno, maana Koko alikataa imfuate marehemu. Akampokeza Koko mfupa mmoja mmoja, naye akaipanga kwenye kitenge, akimwita kwa sauti ndogo aje, "Kuya. Umechoka."

"Koko, ni papa yako?" niliuliza.

"Mi hapana jua, mwanangu. Lakini ni papa ya mutu."

Tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya babu. Baba alikuwa ameyarudisha mawe kama alivyoyakuta, na Jumatatu saruji ikamwagwa juu ya nafasi tupu, mhandisi akisimamia. Hakujua. Au alijua, akaona heri iwe hivyo. Hilo bado nalishuku.

Baba na Koko wote wameshatangulia. Juzi juzi, nikitoka Beni na binti yangu, tulivuka Butembo hadi nyumbani, nikampeleka kulitazama boma. Limenyooka, limepakwa chokaa, na maharusi wanapigia picha pale. Kijana wa kuongoza wageni alitueleza unene wa ukuta na jina la ofisa aliyeujenga. Alipoondoka, nilimwonyesha binti yangu ile kona, nikamsimulia yote. Macho yake yalifuata ukuta jinsi unavyozunguka kilima.

"Mama, alikuwa yeye moja tu?"

Baba alifungua kona moja. Kwingine kote walinyoosha tu kwa nje. Nilimjibu kwamba sijui.

Miaka yote nilijiambia kuwa Koko aliamini hekaya, ambayo kwa bahati tu ilitokea kuwa kweli. Siku ile niliacha. Wale waliotukataza kupita pale walikuwa na habari ya kweli. Hakuna aliyewaruhusu kuisema wazi, basi wakaisema kwa namna ambayo hata mtoto angeishika.

Tukateremka. Binti yangu alitembea mbali na ukuta, nami sikumwambia aache woga.