Stefka Hasemewi

Kabla ya kiharusi, sauti ya Stefka Wasylyk ilikuwa ikitoka kwenye ukumbi wa barafu na kusikika hadi kituo cha mafuta. Sitii chumvi. Miaka mingi yeye ndiye nahodha wetu katika mchezo wa mawe na mimi ni mfagiaji wake, kwa hiyo masikio yangu ni mashahidi.

Mchezo wenyewe ni hivi. Unatelezesha jiwe zito lenye mpini juu ya barafu, liende kwenye duara zilizochorwa upande wa pili, na wenzako wawili wanakimbia mbele yake wakifagia ili lisiishiwe mwendo. Jiwe lililokaa karibu zaidi na kitovu ndilo lenye pointi. Nahodha husimama kule kwenye duara. Yeye ndiye anayeona jiwe linakoelekea, naye hupaza sauti: fagia, acha, fagia tena. Nahodha asiye na sauti hana kazi pale.

Kiharusi kilimkuta jikoni mwishoni mwa kiangazi, akipanga matango kwenye chupa za siki. Mumewe, Orest, alisikia chupa ikivunjika. Walipomrudisha kutoka hospitali ya jiji, huko Winnipeg, mguu ulikuwa umepona, mkono wa kulia nusu nusu, maneno hakuna. Akili ilikuwa ileile. Hilo nalisema kwa hasira, kwa sababu mji mzima ulikuwa mgumu kulielewa. Dukani walimwinamia wakimpigia kelele kama kiziwi. Kanisani mama mmoja alimpigapiga shavu. Hujafa hujaumbika, wakawa wanasema huku wakitikisa vichwa, na mwenyewe kasimama palepale anawasikia. Kitu kimoja tu kilimtoka bila kukwama: matusi ya Kiukreni aliyoachiwa na marehemu baba yake. Yule mama wa shavu aliyapata yote.

Mtaalamu wa matamshi alikuwa Winnipeg, mwendo wa saa nne kwa gari barabara ikiwa nzuri, na wakati wa theluji haiwi nzuri. Kwa hiyo waliongea kwa video mara mojamoja, na siku nyingine zote mwalimu alikuwa simu. Binti yao anayeishi Calgary ndiye aliyeweka programu. Inaonyesha picha, sauti ya msichana mchangamfu inatamka neno, nawe unalirudia. Ukipatia, nyota zinaruka kwenye kioo. Ukikosea, unaambiwa ujaribu tena, kwa upole wa kuchefua. Kikombe. Paka. Tufaha. Mwanamke aliyekuwa akitufokea mpaka tukaleta vikombe vya ubingwa nyumbani, leo anapewa paka.

Siku ya kwanza nilikuwepo. Alihangaika na kikombe hadi jasho likamtoka, kisha akaishushia simu tusi refu kuliko yote ya baba yake. Simu ikafikiri kidogo, ikamwambia ajaribu tena. Nilicheka mpaka nikashika meza, naye akacheka, tukafutana machozi. Halafu akaivuta simu karibu akaanza upya.

Kilichomuudhi kuliko paka ni Orest. Ni mume mwema, sina neno naye, lakini hakumwacha mkewe amalize. Stefka akifungua mdomo tu, Orest ameshakisia: chumvi, miwani, choo. Analeta vitu mbio kama mhudumu wa hoteli, na hata kimoja sicho. Niliwahi kumwambia asubiri. Akanijibu kwamba hawezi kumtazama akiteseka. Sawa, lakini aliyekuwa anateseka si yeye.

Novemba akaja Verna Pidhirny, msaidizi wa nahodha katika timu yetu, na sahani ya pyrohy, zile sambusa za kuchemsha za Kiukreni zenye viazi, imefunikwa kitambaa. Kwetu habari mbaya haiji mikono mitupu.

"Stefka, dada yangu," akasema, "hakuna anayekutoa kwenye timu. Mawe yako utayasukuma mwenyewe, kwa ile fimbo ya kusukumia bila kuinama, kama wazee wengine. Lakini kuamuru niachie mimi. Jiwe halimsubiri mtu."

"Hapana," akasema Stefka.

"Hapana ni neno moja. Kule barafuni utahitaji mengine."

Lililoniuma ni kwamba Verna alisema kweli. Jiwe likishatoka mkononi, ukichelewa kutamka limekwisha kupita. Stefka alimkazia macho, akaichukua simu kwa mkono wa kushoto, akaigongagonga mezani kama hakimu na nyundo yake. Tukaelewa: hayo maneno mengine atayatafuta humo. Basi tukapatana: tungojee mashindano ya wanawake ya Februari. Katika mechi ya kwanza, akiweza kuamuru kwa kinywa chake, unahodha ni wake. Asipoweza, ni wa Verna, na mjadala umefungwa.

Wiki hiyohiyo mtaalamu alimwonyesha kwamba programu inakubali maneno ya mtu mwenyewe. Stefka hakungoja. Paka akafutwa, tufaha likafuata. Nikarekodi mimi, kwa sauti yangu hii ya mikwaruzo: fagia, acha, haraka, polepole. Orest alipopita na miwani ambayo hakuna aliyeiomba, Stefka akamnyooshea kidole, akafunga midomo kwa vidole viwili, akanitazama. Nikarekodi na neno nyamaza.

Mtaalamu alimfunza kuimba neno kidogo huku akipiga paja kwa mkono wa kushoto, silabi kwa silabi, maana wimbo hupita ambapo maneno ya kawaida yamezibwa. Akaimba bandani akilisha kuku. Akaimba kwenye foleni ya daktari wa meno. Watu walipomtazama kwa huruma, aliongeza sauti ya simu. Jumapili moja simu ilisema "fagia" katikati ya mahubiri, na sikumwona akifanya haraka kuizima. Zilikuwepo siku mbaya pia. Siku nyingine neno alilolipata jana lilikuwa limepotea kabisa, naye aliitupa simu kwenye kochi, akakaa nayo mbali, akaifuata tena. Mimi ningeiacha hapo.

Februari ikafika. Mechi yetu ya kwanza ilikuwa na timu ya Darlene Thorvaldson wa mji wa jirani, wanawake wenye mabega na midomo. Ukumbi ulijaa. Stefka akasimama kwenye duara, paja likapigwa, na sauti ikatoka: "Fa-gi-a!" Ilikuja nzito, nusu wimbo, lakini ilifika. Nilifagia nikilia, na machozi kwenye barafu si kitu kizuri.

Haikuwa sherehe muda wote. Mara mbili alichelewa, jiwe likafa njiani. Mara moja alisema "acha" akitaka tufagie, tukaacha, tukapoteza pointi. Hapo Verna alishindwa kujizuia, akaanza kuamuru ubavuni kwake. Stefka akapiga ufagio barafuni.

"Nyamaza."

Neno lililorekodiwa kwa ajili ya Orest lilimfikia Verna bila kupungua, naye akafunga mdomo.

Tukafika raundi ya mwisho tukiwa sawasawa. Jiwe letu lilikuwa karibu na kitovu, na lililobaki ni moja tu, la Darlene. Akalisukuma. Lilikuja vizuri, vizuri mno, likavuka mstari wa katikati ya duara. Likishavuka pale, nahodha wa upande wa pili anaruhusiwa kulifagia ili lipitilize. Stefka akaruka nalo, akifagia kwa nguvu zote za mkono wa kushoto. Jiwe likaenda, likaenda, likasimama mbali kuliko letu. Tumeshinda. Verna akanikumbatia, watu wa Darlene wakavua glavu kuja kutushika mikono.

Stefka hakuutoa mkono wake. Aliuinua juu, akafungua mdomo, na neno halikuja.

Ndipo wakaanza. Umechoka? Mleteeni kiti. Anataka maji. Orest kule nyuma ya kioo cha watazamaji alikuwa ameshachukua koti. Verna akamshika bega, akawatangazia wageni kwa furaha, "Anawashukuru wote."

Stefka akautoa ule mkono begani. Akapiga paja, mara moja, mara ya pili. Neno hili halikuwa kwenye simu, hakuna aliyefikiria kulirekodi. Uso ulimwiva. Nilitaka kumsaidia na sikujua nimsaidie kusema nini.

"Ni-me-li-gusa."

"Umegusa nini?" akauliza Darlene.

"Jiwe. Lako. Ufagio... huu."

Katika mchezo huu hatuna refa wa kutuchungulia. Ukigusa jiwe linalotembea unasema mwenyewe, hata kama hakuna aliyeona, na hakuna aliyekuwa ameona. Angekaa kimya tu, na nani angemshangaa? Kukaa kimya ndicho kitu walichokuwa wamemzoesha wote.

Kanuni inampa aliyeonewa haki ya kuliweka jiwe pale ambapo lingesimama. Darlene akainama, akapima kwa macho, akalirudisha kwa haki kabisa. Likawa karibu na kitovu kuliko letu kwa upana wa kiganja. Tukashindwa.

Juu kwenye baa ya ukumbi mshindi ndiye anayenunua kinywaji cha kwanza, na aliyeshindwa hakatai. Darlene akaja mezani kwetu. Akamwinamia Verna, akauliza, eti Stefka siku hizi anakunywa nini.

"Mimi ni mdomo wake?" akasema Verna. "Muulize nahodha."

Darlene akageuka akamwuliza. Stefka akafungua mdomo, akaufunga, akaanza kupiga paja. Orest akainuka nusu kwenye kiti, akaketi tena, akaikalia mikono yake. Meza nzima tulingoja. Nilijiuma ulimi mpaka nikaona nyota.

"Bia," akasema Stefka. Kisha akamtazama Darlene toka juu hadi chini. "Kubwa."