Kadi ya Tororo na Barua ya Mama

Tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne sikuwahi kuwa namba mbili. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu niliosoma nao wengi bado wako hai, na mmoja wao ndiye anayeniuzia saruji hapa Malaba. Aulizwe. Maswali ya hisabati nilikuwa nayamaliza mwalimu akiwa bado anaandika la mwisho ubaoni. Leo diploma yangu ya uhandisi wa maji imetundikwa sebuleni ndani ya kioo, mahali ambapo mgeni akiketi lazima aione. Katika lokesheni yetu hakuna aliyeipata kabla yangu, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kazi nilirudi na jina la Injinia, na hata watoto wanaopita na ng'ombe wananisalimu hivyo.

Lakini mwaka wa sabini na sita nilikuwa mvulana mwembamba wa kidato cha nne, katika shule moja ya upande wa Chakol, na jina langu lilikuwa halijavuka uzio wa shule.

Fomu za kuchagua vyuo zilikuja muhula wa pili. Zilikuwa na mistari mitatu ya kuandika, na mwalimu mkuu alituonya kwamba wenye vyuo vikubwa wakiona umewaandika kwenye mstari wa pili, wanaiweka fomu yako kando hata kama una alama za ajabu. Kila kitu kilikuwa kwenye mstari wa kwanza. Mtu akiandika chuo kikubwa asichokiweza, anaweza kukosa vyote vitatu. Akiandika kidogo, atakipata hicho kidogo na kubaki nacho maisha yake yote.

Kazi hiyo niliitengea daftari zima. Niliandika kwanza kidato cha tano katika shule kubwa ya bweni, ambayo ndiyo ilikuwa njia ya chuo kikuu. Halafu chuo cha ualimu wa sayansi. Halafu diploma ya maji kule Nairobi, darasa moja tu kwa nchi nzima, na hata ukiwa na alama nzuri ni lazima uitwe ukaulizwe maswali mbele ya watu. Chini ya kila kimoja nilipanga pointi. Wakati ule pointi chache ndizo zilizokuwa nzuri, na mwenye sita hapitwi na mtu. Mimi katika mtihani wa majaribio nilikuwa na tisa. Nilikadiria kwamba kwenye mtihani wenyewe sitazidi kumi na moja, hata nikiamka na malaria.

Kidato cha tano wangeniita, hilo sikuwa na shaka nalo. Lakini ilikuwa miaka miwili mingine ya karo, na baba alikuwa kibarua kwenye genge la kutengeneza njia ya reli, mtu tuliyemwona mara moja kwa mwezi. Ualimu ndio ulikuwa wa hakika, na ndio baba alioutaka. Alisema mwalimu hanyeshewi. Mimi nilitaka maji. Nilipokuwa darasa la sita alikuja mtu mmoja na darubini ya miguu mitatu, akaisimamisha kando ya soko la Chakol, akachungulia kilima, akaandika, akatuambia sisi watoto tuliomzunguka kwamba maji yanaweza kutoka kule yakafika hapa yenyewe bila mtu kuyabeba kichwani. Kisha akaondoka na hakurudi. Maji nayo hayakuja. Nilikaa na jambo hilo miaka mitano.

Malaba nzima ilikuwa na maoni. Karani wa mizigo pale mpakani alisema ile ya maji ni ya watoto wa Nairobi, nisijisumbue. Fundi cherehani alisema nikiwa mwalimu atanishonea suti ya kwanza bure. Wenzangu wawili walikuwa wameacha shule wakabebe kahawa ya magendo kutoka upande wa pili, na walipita shuleni wamevaa viatu vya soli ndefu kuniuliza pointi zangu zinanunua nini. Niliwajibu kwamba zitanunua kitu ambacho askari wa forodha hawezi kukinyang'anya. Walicheka sana. Mimi sikucheka, na baadaye mmoja wao alikuja kuniomba kazi ya kuchimba mtaro.

Basi mstari wa kwanza niliandika maji. Nilipofika kwenye swali la mahali pa kuzaliwa, niliandika Tororo bila kusita, na nikaibana kadi yangu hapo hapo.

Lazima nieleze kadi hiyo. Darasani kwetu karibu hakuna aliyejua siku aliyozaliwa. Mmoja alizaliwa mwaka wa nzige, mwingine wakati wa njaa fulani, na wote walikuwa na barua za naibu chifu zilizokadiria. Mimi nilikuwa na kadi ya hospitali ya misheni iliyoko karibu na Tororo, yenye muhuri, tarehe, saa, na uzito wangu kwa ratili. Nilikuwa nikiwaonyesha wenzangu kama mtu anayeonyesha saa mpya. Kutoka kwetu mpaka Tororo ni mwendo wa asubuhi moja, na watu wetu wamekaa pande zote mbili tangu zamani, kwa hiyo sikuona kuna tatizo.

Mwalimu mkuu aliliona mara moja. Aliniita ofisini, akaishika ile kadi kwa vidole viwili. Mapema mwaka huo mtawala wa Uganda alikuwa ametangaza kwamba kipande kikubwa cha nchi yetu ni cha kwake, na kule Nairobi kitu chochote chenye jina la Uganda kilikuwa kikitazamwa mara mbili. Alinieleza hayo kwa upole. Alisema nina alama, lakini wataketi na mafaili mengi ya vijana wenye alama, na watakuwa wakitafuta sababu ya kupunguza. Akanishauri niende kwa naibu chifu niandikiwe barua kama wenzangu, kwamba nilizaliwa nyumbani, na kadi niirudishe sandukuni.

Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na hasira na sikujua ni ya nani. Mama alikuwa uani anapanga samaki wakavu waliotoka Osieko kule ziwani, akitenga wa kuuza kesho sokoni. Nilimweleza. Halafu nikasema neno ambalo ningependa kulirudisha hata leo.

"Kwani hapa hapakuwa na mahali pa kuzalia? Ulinipeleka Tororo kutafuta nini?"

Mama hakuinua kichwa. Aligeuza samaki mmoja, akampanga.

"Wawili wa kwanza niliwazalia hapa."

Nyuma ya ghala letu kulikuwa na vilima viwili vidogo vya udongo, mahali ambapo hatukuruhusiwa kufunga mbuzi. Nilikuwa nimekulia hapo na sikuwahi kuuliza.

Siku iliyofuata nilirudi kwa mwalimu mkuu nikamwambia kadi ibaki. Nilikuwa nimepiga hesabu upya daftarini. Bila kadi nilijipa nafasi moja kati ya mbili, na nikiwa nayo moja kati ya nne. Sikumwambia kwamba sikuweza kumrudia mama na kumwomba aseme kwamba hakwenda. Nilimwambia tu kwamba alama zangu zitajisemea zenyewe. Alisema haya, akaweka fomu kwenye rundo lake.

Mtihani niliufanya, na matokeo yalikuja mapema mwaka uliofuata. Pointi nane. Shule yetu ilikuwa haijawahi kuona kitu kama hicho, na mwalimu mkuu alinizungusha madarasani ili nionekane. Wiki chache baadaye ilikuja barua ya kuniita Nairobi. Baba alinitafutia pasi ya reli, nikapanda treni behewa la daraja la tatu, na daftari langu la hesabu likiwa mfukoni, ingawa hesabu zilikuwa zimekwisha.

Katika chumba cha usaili walikuwapo watu watatu nyuma ya meza ndefu. Wawili waliniuliza kwa Kiingereza kuhusu fizikia, na nilijibu vizuri. Sitajifanya kwamba nilibahatisha. Wa tatu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akifunua faili langu. Mwishowe akaniuliza kwa Kiswahili.

"Kijana, wewe ulizaliwa mara ngapi?"

"Mara moja, mzee."

"Hapa naona mara mbili." Akatoa kadi yangu akailaza mezani. Kando yake akalaza karatasi nyingine ambayo sikuwahi kuiona. "Kadi inasema Tororo. Na hii ni barua ya naibu chifu. Mama yako ameapa mbele yake kwamba alikuzalia nyumbani, juu ya mkeka, na ameweka kidole gumba hapa chini."

Niliitazama ile alama ya kidole. Ilikuwa ya rangi ya zambarau na ilikuwa imeteleza kidogo pembeni, kama ya mtu aliyebonyeza kwa nguvu kupita kiasi.

"Basi mmoja anadanganya," akasema. "Ni kadi, au ni mama?"

Katika daftari langu lote hakukuwa na swali hilo. Nikisema kadi ni ya uongo, nitakuwa mzaliwa wa Malaba kama wengine, na sababu ya kunipunguza itakuwa imeondoka. Nikisema ni mama, nitakuwa nimemwita mzazi wangu mwongo mbele ya wageni, na tena nitakuwa nimezaliwa Uganda. Wale wawili waliacha kuandika.

"Kadi ni ya kweli, mzee," nikasema. "Lakini kosa la barua ni langu. Nilimlaumu mama kwamba alinizalia mahali pabaya. Watoto wawili wa kwanza walimfia nyumbani, ndiyo sababu alikwenda kule. Sikujua ameandika hii."

Mzee alivua miwani. "Kwa naibu chifu ni mbali kutoka kwenu?"

"Kama maili sita."

"Alikwenda kwa miguu?"

"Hana njia nyingine. Na tarehe iliyoandikwa hapo ilikuwa siku ya soko. Yeye anauza samaki."

Akaandika kitu kifupi pembeni mwa fomu, akavaa miwani, akarudi kwenye Kiingereza kana kwamba hatujaongea. Aliniuliza, kama kilima kina chemchemi na soko liko bondeni, nitajuaje maji yatafika kwa nguvu ya kutosha. Swali hilo nilikuwa nimelijibu kichwani mwangu kila siku tangu darasa la sita. Nilizungumza mpaka mmoja wao akaangalia saa.

Niliporudi nilimpitia karani wa shule, naye akakiri. Mama alimjia siku mbili baada ya mimi kukataa barua, na kikapu kichwani, akamwomba aitie barua yake ndani ya bahasha pamoja na fomu yangu na asiniambie. Karani alidhani mwalimu mkuu anajua.

Nyumbani mama alinipa uji na kuniacha nimalize. Sikumwambia kwamba nimeiona barua, wala hakuniuliza lolote. Mwezi mzima nilikuwa nikimwona akitazama njia ya posta. Niliwaza kwamba nikikosa, atajua ni kwa sababu ya Tororo, na hakuna maneno yangu yatakayomtoa hapo. Ualimu ningeupata, lakini kila nitakaposhika chaki atakuwa akihesabu ile safari yake ya kuvuka mpaka.

Barua ilikuja katika bahasha ya serikali. Nilimsomea nikiwa nimesimama: nimekubaliwa, diploma ya maji, niripoti na blanketi mbili. Alikaa chini kwenye kigoda, akajipangusa mikono kwa kitenge kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kuna barua yangu niliituma," akasema. "Waliisoma?"

"Waliisoma, mama."

"Ikasaidia?"

Hapo ningeweza kumweleza yote. Ningemweleza kwamba karibu iniangushe, na kwamba niliwaambia si kweli. Sijui hata leo yule mzee aliandika nini pembeni mwa fomu.

"Ilisaidia sana," nikasema.

Yaliyobaki watu wa kwetu wanayajua. Nilisoma, nikafanya kazi Nakuru na Nairobi, nikajenga nyumba ya matofali yenye madirisha ya chuma. Niliporudi nilipima kile kilima mwenyewe, na bomba la soko la Chakol ni kazi yangu tangu mchoro mpaka koki ya mwisho. Ukitaka kujua nani aliyenifikisha hapa nitakuambia ni kichwa changu, na sitaona aibu.

Isipokuwa mama akiwapo. Amezeeka sasa, lakini siku ya soko bado anaomba apelekwe, na akifika hukaa karibu na bomba. Wanawake wakipanga mitungi yao huwaambia kwamba maji hayo wanayakunywa kwa sababu ya barua yake, aliyokwenda kuiandikisha kwa miguu akaacha samaki wake bila wa kuwauza. Wao hugeuka kunitazama mimi, Injinia, kuona kama nitabisha. Mimi huangalia koki kama haivuji, na kumwambia, ndiyo, mama.