Kazi Yangu Ilikuwa Kukaa Pembeni

Jumatatu ya kwanza baada ya Pasaka nilianza kazi katika kituo cha afya Kasongo, kichwa bado kimenyolewa kwa kilio cha dada yangu Riziki, aliyefariki. Titilere, yaani muuguzi mkuu wa kituo, alinipa pole, akanituma kumsaidia Selemani, fundi wa nguo.

Selemani alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Daktari alikuwa amemwambia ana TDAH: akili inayoruka toka jambo hadi jambo, aliyozaliwa nayo. Maisha yote aliitwa mvivu. Ijumaa binti yake angeolewa, na gauni lilikuwa bado vipande.

"Mama Furaha, usimufundishe kushona," Titilere aliniambia. "Kaa pembeni na kazi yako. Akili ikimupotea, atakuona, atarudi." Hiyo tuliita kusindikiza.

Nikaenda na karanga za kumenya. Lakini Kasongo mtu hapiti mlangoni bila salamu, na kila salamu ilimtoa Selemani kwenye mashini, akamsindikiza mpitaji hadi njiapanda. Basi nikashusha pazia la mlango, nikakaa nje. Waliosalimu niliwajibu kwa mkono tu.

Kichwa kimenyolewa, pazia limeshushwa, mama kimya. Adhuhuri majirani walikuwa wametandika mikeka, wameleta kuni na unga. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Selemani akachungulia.

"Nani amekufa?"

"Iko weye," jirani akamjibu.

"Mimi? Na gauni haiyaisha?"

Tulicheka, hata yule aliyekuwa akilia. Nilidhani wataondoka. "Unga umeshafika, tupike," mmoja akasema. Wakabaki, na kesho yake wakarudi. Selemani alishona katikati yao, na kila aliponyanyuka walimwambia, "Marehemu, rudia kaburi yako." Alhamisi gauni lilikwisha.

Nilipopelekwa Kabambare, kisha Salamabila kwa wachimba dhahabu, kila mgonjwa nilimwuliza kwanza: nani atakaa nawe? Titilere wa huko alinitania.

"Mama, kazi yako iko kukaa tu?"

"Ndiyo, Bwana Titilere. Kaa kidogo, utaona."

Mwezi uliopita nilistaafu, nikarudi Kasongo. Maharage yalinishinda kuchambua peke yangu. Zamani nilichambua na Riziki. Selemani aliahidi kuja Jumapili, akafika Jumanne na mzigo wa kuni.

"Leo nakaa mimi," akasema.

Akakaa mpaka sufuria ikajaa maharage.