Matone Kumi na Mawili Ukweni

Jamani, nitawasimulia, ila msicheke kabla sijamaliza, maana mpaka leo nikipita mtaa ule wa Kariakoo naangalia chini.

Wakati ule nilikuwa karani kwenye ghala la mahindi la shirika la umma, na vumbi la magunia lilinipigisha chafya mpaka machozi. Daktari mmoja wa mjini akanipa kichupa cha matone yaliyotengenezwa kwa vumbi hilohilo, ili mwili ulizoee kidogo kidogo (wenzangu wakanicheka: unanunua vumbi la chupa, na Kariakoo lipo bure?). Akanionya: "Kila wiki ongeza tone moja tu. Ukizidisha, tumbo litakuadhibu."

Nilikuwa nimefikia matone matatu nilipoitwa kwa kina Mwanahawa, mtaa huo wa Kariakoo, baba yake anione kabla ya kujibu posa yangu. Niliogopa mno kumpigia mzee chafya usoni, basi kwa akili zangu nikanywa kumi na mawili.

Chafya haikuja, kweli. Ila nimekaa sebuleni na mjomba wangu, nimeletewa chai ya sukari (sukari ya kupangia foleni miaka ile, ningeikataaje?), mara tumbo likaanza kunguruma, jasho likanitiririka mgongoni, na mnajua mkwe haombi choo siku ya kwanza, tena choo chenyewe kiko uani walikojaa mama mkwe na mashangazi wanapika. Niliona nakufa. Ikalia adhana ya alasiri, nikapata pa kutokea.

"Mzee, naomba maji nikatawadhe."

"Mashaallah!" Uso wa mzee ukachanua.

Nikapita uani mbiombio na kopo langu, nikajifungia, na yaliyosikika humo sitayasema, ila mashangazi waliacha kutwanga. Nikatawadha, nikatoka, hatua mbili nikarudi tena.

Kufika sebuleni, mkeka umeshatandikwa. "Kijana, leo utatusalisha wewe," mzee akasema.

Tumbo likanguruma, na udhu ukaniponyoka palepale. Ningenyamaza ningempata Mwanahawa, lakini kusalisha watu bila udhu? Nikasema, "Nisamehe mzee, udhu haukai. Nimezidisha dawa. Nilikuwa natafuta choo tu." Mjomba akajifunika uso kwa kofia yake.

Mzee akasogea mbele akasalisha mwenyewe. Mimi nikarudi uani.

Wiki nzima sikupata usingizi kwa hofu, mpaka mjomba alipoleta jibu: "Wamekubali. Mzee kasema, mwongo wa choo atamvumilia, mwongo wa sala asingempa binti."

Tangu siku hiyo naongeza tone moja tu kwa wiki kama daktari alivyosema, na choo nakiomba kwa jina lake, hata ukweni.