Bila Hodi

Kila baada ya mavuno mama yangu alirundika mabua kando ya shamba letu la Sigino, akiba ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Mahindi yalipougua madoa ya majani msimu wa pili mfululizo, nilimweleza nilichojifunza chuoni: fangasi wa ugonjwa ule hubaki kwenye mabua, huitana kwa kemikali, na aina mbili zikikutana huzaana.

"Wanaoana shambani kwangu bila hodi?"

Nilidhani ananicheka. Asubuhi nilimkuta ndani ya shimo lililomfika magotini, bado anachimba. Mabua ya ng'ombe alishayapeleka zizini nyumbani. Yaliyobaki yalisubiri kufukiwa.

"Shika jembe, mwanangu," alisema. "Wacha waite wanavyotaka humo chini. Hakuna wa kuwaitikia."