Anakula Vizuri

Mtaani walimwita Mkasi, kwa kazi yake ya ushonaji na kwa ulimi wake. Mteja aliyelalamika kwamba gauni linambana aliambiwa bila kupepesa macho kuwa gauni halijanenepa. Hakuwa mtu wa kubabaika. Binti yake alipogundulika kuwa na usonji, ndugu walikuja na nyuso za msiba. Yeye aliwapa viti, akaendelea kushona.

Lakini binti alipofikisha miaka saba akaacha kutembea, hata Mkasi alishikwa na hofu. Miguu ilivimba, fizi zilitoka damu, ukimgusa goti analia. Walizunguka hospitali mbili. Kila daktari aliuliza kama mtoto anakula, na kila mara mama alijibu kwa majivuno kuwa anakula vizuri, sahani hairudi na kitu. Madaktari wakaanza kuzungumzia kumtoboa mfupa ili wapime uboho.

Mtaalamu wa lishe, mwanamke mpole mwenye kalamu sikioni, ndiye aliyeuliza swali jingine. "Hiyo sahani inakuwa na nini, dada?"

Mkasi alianza kuhesabu kwa vidole, akaishia cha pili. Wali mweupe na biskuti kavu za aina moja, mwaka wa tatu sasa. Matunda alishaacha kuyaleta nyumbani, maana harufu tu ilimtapisha mtoto. Damu ikapimwa, vitamini C ikakutwa karibu haipo. Ni kiseyeye, wakamwambia, ugonjwa aliodhani uliisha enzi za mababu. Ilimuuma sana, kwa kuwa jibu alikuwa nalo yeye siku zote.

Hospitali ilimchoma mtoto sindano za wiki ya kwanza. Baada ya hapo ilibidi dawa ainywe nyumbani. Bibi yake, mwenye haraka zake, alisaga kidonge akakificha kwenye wali. Mtoto alinusa mara moja, akasukuma sahani, na kwa siku mbili hakutaka hata kuuona wali.

"Mama, tusimfiche kitu tena," Mkasi alisema. "Akiacha kukiamini chakula chake, tumekwisha."

Akamfanyia kama anavyowafanyia wateja wabishi, kila kitu mbele ya macho yao. Chupa ya dawa ya maji, aliyoiomba hospitali badala ya vidonge, ikakaa mezani. Tone moja ndani ya glasi ya maji, mtoto akitazama. Akinywa bila kukunja uso, kesho matone mawili. Bibi alinung'unika kwamba kwa mwendo huo mtoto ataolewa bado wanahesabu matone. Mkasi hakuongeza hata moja kabla ya wakati.

Wiki ya nne, akiwa anampima mteja kando ya cherehani, aliinua kichwa akamwona binti yake mlangoni. Hakuna aliyembeba. Kutoka kitandani hadi pale ni hatua tisa. Mkasi aliangua kilio mbele ya mteja, bila aibu. Mtoto, asiyependa kelele, akaziba masikio, akageuka, akarudi chumbani kwa miguu yake mwenyewe.