Pegi ya Kubania Manyoya ya Mshale

Ndugu yangu mkubwa anatengeneza mishale kule Kitale, na maaskari wa kulinda maboma huko wote wanajua kazi yake. Mshale wake ukiuachilia asubuhi, jioni bado unatafuta mahali pa kutua. Lakini aliugua, mikono ikaanza kutetemeka. Akibandika manyoya, yanakaa upande kama kofia ya mlevi. Nikamwambia nitakuwa nakuja kumshikia. Akasema siku atashikiwa mshale ndiyo siku ataacha kazi, na akaacha kweli. Akakaa tu kwa kiti, anaangalia barabara.

Mimi shule niliiona kwa dirisha, lakini hiyo maneno ilikataa kunitoka kichwani. Nikarudi kwangu Naitiri, upande wa Bungoma, nikachukua pegi ya nguo ya mke wangu, nikaifunga vijiti viwili, mdomo ukawa mrefu kama wa korongo. Hiyo ndiyo inabana unyoya. Nikachonga kibao cha kushikilia mshale, na kifuniko cha soda nikakitoboa katikati mshale upite, nikaweka alama tatu pembeni, ili manyoya matatu yaachane sawasawa. Kabla nifaulu niliharibu pegi kama mia tisa. Mke wangu akawa anaanika nguo kwa ua, bila pegi hata moja.

Nikapeleka Kitale, nikabandika manyoya mbele yake, yamesimama kama kwaya. Tukatoka nje nikaupiga kwa upinde. Ule mshale, bana, ulicheza, ukaangalia Webuye, ukabadilisha mawazo, ukaanguka kwa shamba la sukuma wiki la jirani.

Ndugu yangu akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza manyoya nilitoa wapi. Nikasema kwa jogoo, mabawa yote mawili.

"Wewe kijana," akaniambia, na mimi niko na wajukuu saba, "ya kushoto inapinda kwake, ya kulia inapinda kwake. Ukichanganya kwa mshale mmoja, ni kama ng'ombe wawili wa kulima, kila moja inataka kwenda kwao."

Akavuta ule mfuko wa manyoya, akaanza kuchambua: kushoto huku, kulia kule. Vidole vilitetemeka, lakini hakukosea hata moja. Akabana unyoya kwa pegi, akapaka gundi. Mkono uliruka mpaka gundi ikafika kwa shati yangu. Pegi wala haikujua. Unyoya ukakaa wima.

Nikasogea nimshikie kile kibao.

"Si utoke hapo," akasema. "Unanizibia mwanga."

Nikatoka. Sijawahi kufukuzwa nikafurahi hivyo.